Maneno Chini ya Picha

Solange Kanyere alizaliwa Beu, mjini Beni, kwenye joto na kelele za soko. Alikuja Butembo kusomea ualimu wa Kifaransa na hakurudi tena kukaa kwao. Ndugu zake walimwonya kwamba Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na mtu asiye na duka wala lori hapati wa kuongea naye. Yeye aliona watu wa kuongea nao wapo tele. Kilichomshinda kuzoea ni baridi ya asubuhi na ukungu unaokaa mabondeni mpaka masomo yameshaanza. Alifundisha katika shule moja ya sekondari ya parokia, juu ya kilima, nyuma ya mikaratusi. Alikuwa amevuka miaka thelathini, hajaolewa, na jambo hilo halikumsumbua kama lilivyowasumbua shangazi zake. Wanafunzi walimwita Madame Solange. Darasani hakupiga kelele wala hakupendelea mtu, na hakuna aliyewahi kumwona na kitenge kisichopigwa pasi.

Kazi ya albamu ilimwangukia bila kuitafuta. Kila mwaka shule ilichapa kitabu chembamba cha wanafunzi wa darasa la sita, wale wanaomaliza, wanaoitwa wafinalisti. Kila mmoja aliwekwa picha, jina, na chini ya picha maneno machache yanayosema yeye ni nani. Mwalimu aliyekuwa akiyaandika alihamia Bunia. Kwenye mkutano wa walimu mkuu wa shule, Monsieur le Préfet Tshibangu, aliuliza nani atashika kazi hiyo. Wote waliinamisha macho, Solange akachelewa kuinamisha yake.

Zamani maneno hayo yalikuwa ya Kifaransa. Mwaka ule kamati ya wazazi iliomba yawe ya Kiswahili, kwa sababu wazee wa nyumbani, ambao ndio hasa wanaotunza kitabu kabatini, walikuwa wakitazama picha tu na kukifunga. Solange hakuona ugumu. Alikaa mezani kwake Jumapili moja baada ya misa na kuandika juu ya wanafunzi wote kwa mkupuo. Alijua kuandika vizuri, au alidhani hivyo: sentensi zilinyooka, koma zilikaa mahali pake. Fulani ana nidhamu, fulani ana bidii, fulani anawaheshimu wakubwa na kumcha Mungu. Mwishoni kila mmoja alitakiwa baraka. Préfet alisoma na kutia mhuri, mchapaji akachapa, na siku ya kutangaza matokeo ya mtihani wa serikali kila familia ikabeba nakala yake.

Jumamosi iliyofuata alialikwa kwenye karamu ya Sophie, binti mmoja aliyefaulu. Baba yake, Papa Maliro, aliuza mbao na alipenda mambo yenye heshima. Alikuwa amefunga turubai uani, akapanga viti vya plastiki, na sahani za wali na nyama ya mbuzi zikapita mpaka watoto wakashiba na kuanza kufukuzana. Ndipo Papa Maliro akasimama, chupa ya soda mkono mmoja na albamu mkono wa pili, akaomba kimya.

"Batu yangu," alisema, "miye mwenye kuzaa ninaweza kusema uongo juu ya mutoto yangu. Mais shule haiwezi. Sikieni vile shule inasema." Akavaa miwani na kusoma polepole, akishusha sauti kila penye nukta: "'Mwanafunzi mwenye nidhamu na bidii, mpole, mwenye kusaidia wenzake na kumcha Mungu. Tunamtakia maisha mema.'"

Watu walipiga makofi. Mama yake Sophie alipiga vigelegele. Sophie mwenyewe alipiga makofi.

Solange alibaki ameshika uma hewani. Neno lile *mpole* hakuwa ameliandika kwa Sophie. Sophie alikuwa nahodha wa voliboli, msichana mwenye sauti ya kufika bondeni, ambaye alitolewa nje ya darasa kwa kuongea mara nyingi kuliko mtu yeyote. Solange alikumbuka vizuri kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa fikira yake pekee siku ile ya Jumapili: Sophie aitwe *mcheshi*, na *mpole* limwendee Paulin, kijana aliyekaa nyuma karibu na dirisha. Aliomba albamu na kugeuza kurasa. Ndivyo ilivyokuwa. Mchapaji alikuwa ameyabadilisha. Chini ya picha ya Paulin, aliyeweza kupitisha wiki nzima bila kusikika, palisomeka kwamba ni mcheshi. Na kwa kuwa Kiswahili hakisemi kama mtu ni wa kiume au wa kike, hapakuwa na kitu cha kumshtua msomaji.

Alimrudishia Papa Maliro kitabu chake, akamaliza nyama, akaaga.

Jumatatu alikwenda kwa préfet. Tshibangu alikuwa mtu wa Kasai, ametumwa huku miaka mingi iliyopita na hajahamishwa tena. Kiswahili alikijua vizuri, ila karibu kila *s* ya Kiswahili ilitoka kinywani mwake *sh*, na mwenyewe hakuisikia. Solange alimweleza kosa lilivyotokea.

"Kuna muzazi alikuya kulalamika?" aliuliza préfet.

"Hapana, Monsieur le Préfet."

"Paulin?"

"Hapana."

"Donc?" Préfet alifungua mikono. "Kama hakuna mutu analalamika, kosha iko wapi? Munataka tuchape mara ya pili?"

Hakutaka wachape mara ya pili. Alitoka, na likizo yote jambo lile lilimkaa kama jiwe dogo ndani ya kiatu. Kilichomkera kilikuwa yeye mwenyewe wala si mchapaji. Alikuwa amefundisha watoto wale miaka miwili, anajua miandiko yao, anajua nani hula chaki na nani hulia kwa siri, na bado aliandika maneno ambayo yangeweza kubandikwa chini ya picha ya mtu yeyote, hata askofu, na watu wakapiga makofi.

Masomo yalipoanza tena, aliwaingilia wafinalisti wapya na albamu ile mkononi. Aliwasomea maandishi matano bila majina na kuwaomba wabashiri ni nani. Wote walikuwa wamesoma shule moja na watu wale. Wengine walikuwa dada na kaka zao.

Hakuna aliyebashiri hata mmoja. Mwishowe akainua mkono Mathe, kijana ambaye hakuweza kuambiwa jambo bila kuuliza sababu.

"Madame, ule wa kwanza na ule wa ine haiko mutu moja?"

"Hapana, Mathe. Ni batu wawili."

"Basi juu ya nini iko sawa?"

Solange hakukasirika. Aliandika ubaoni swali lile lile, halafu akawapa kazi. Kila mmoja amwandike mwenzake aliyempata kwa kura, kwa sentensi moja au mbili, bila jina, ili darasa likisikia lijue mara moja ni nani.

Walichoandika safari ya kwanza kilikuwa aibu tupu. Kichwa kikubwa. Miguu ya bata. Yule ambaye baba yake ana wake wawili. Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa jirani akagonga ukuta, na msichana mmoja alitoka nje akilia. Solange alizikusanya karatasi zote na kuzichana mbele yao. Kesho yake alirudi na masharti. Mwili wa mtu usiguswe. Nyumba ya mtu na kabila lake visiguswe. Sifa zisiandikwe, matusi yasiandikwe.

"Sasa itabakia nini, Madame?" aliuliza Mathe.

"Itabakia vile anafanya," alisema Solange. "Bon. Angalieni kila mutu, vile anafanya yeye tu."

Ilichukua majuma. Watoto walianza kutazamana kwa namna nyingine, jambo ambalo lilikuwa geni kwao, kwa sababu mtu unayekaa naye benchi moja humtazami tena. Na vitu vikaanza kuja. Zacharie ukimwazima kalamu itarudi, lakini itarudi imetafunwa. Lusenge anajua nani hajafika kabla mwalimu hajafungua daftari la mahudhurio, na wakati wa mapumziko anakwenda kumtafuta. Mathe huuliza sababu hata akiambiwa aende nyumbani. Solange alisoma, na darasa lilipiga kelele ya jina kabla hajamaliza sentensi. Alizipunguza, akazinyoosha, akaondoa neno hapa na pale. Aligundua kwamba kila alipoongeza neno la sifa, sentensi ilizimika, na alipoliondoa iliwaka tena.

Mtu mmoja alibaki bila sentensi. Aliitwa Rébecca Sikuli. Alikuwa amefika mwaka uliotangulia kutoka upande wa Mabalako, baada ya kijiji chao kushambuliwa na watu kukimbia, na sasa alikaa kwa shangazi yake Butembo. Alisoma vizuri, alijibu alipoulizwa, na zaidi ya hapo hakuna aliyejua kitu. Waliompata kwenye kura waliandika juu ya vita, au waliacha karatasi wazi. Mmoja aliandika: "Amepoteza baba yake lakini anavumilia." Ilikuwa kweli, na Solange aliinakili, kwa sababu hakuwa na nyingine.

Siku moja Rébecca alimngojea mlangoni baada ya somo.

"Madame, Lusenge ananiambia kama munaniandika vita."

"Bado sijaandika kwa mwisho."

"Minaomba hapana kuandika vile." Alisema kwa upole, akitazama pembeni. "Hapa kila mutu akiniona, njo anaona ile kwanza. Mu kitabu pia?"

"Niandike nini basi, Rébecca? Uniambie weye mwenyewe."

Msichana alifikiri. "Kama hamuna kitu, muache picha tu," alisema, akaenda zake.

Solange aliifuta ile sentensi. Mahali pake palibaki peupe, na muda wa kupeleka kazi kwa mchapaji ukawa unakaribia.

Halafu ikaja siku ya mvua. Huko Butembo mvua ikishika adhuhuri inapiga bati namna ya kuwafanya walimu waache kufundisha, na siku hiyo wanafunzi walibaki madarasani wakati wa mapumziko. Solange alikuwa akipita barazani kwenda ofisi ya walimu. Mvua ilikuwa imepungua kidogo. Alipokaribia darasa la sita alisikia sauti ya préfet ndani, imepanda.

"Shikieni muzuri, mes enfants! Shiku moja mutanikumbuka! Mutashema: ule muzee wa Kasai alitushumbua, n'est-ce pas, mais alikuwa na haki!"

Solange alinyoosha blauzi yake, akatafuta maneno ya kueleza kwa nini wanafunzi hawakuwa na mwalimu, akafika mlangoni. Préfet hakuwemo. Juu ya kiti cha mwalimu alisimama Rébecca, mikono nyuma, kidevu juu, na chini yake darasa zima lilikuwa limejikunja mezani, watu wakijifuta machozi ya kicheko. Hakuna aliyemwona Solange. Rébecca alishuka kitini, akawa mlinzi wa geti anayekohoa kabla ya kila jibu. Akawa kengele ya shule, ile yenye ufa, inayolia mara mbili kwa pigo moja. Halafu akapangusa vidole kwenye sketi kama mtu mwenye chaki, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, na kusema kwa sauti ya kadiri:

"Bon. Tunaanza. Bon, batoto. Nani hajaelewa? Bon."

Solange hakujua kwamba yeye husema *bon*, yaani 'haya', kila mara. Alirudi nyuma hatua chache, akasubiri mpaka kicheko kikaisha, akapita upande wa pili wa jengo. Ofisini alikaa mezani kwake. Uso ulimwaka kidogo, lakini chini ya ile aibu alisikia furaha ya mtu aliyepata kitu alichokitafuta. Alichukua karatasi na kuandika bila kufuta:

*Rébecca hufunga mdomo wiki nzima. Siku ya mvua anaufungua, na shule yote inatoka mle ndani: walimu, mlinzi, kengele, na mkubwa wa shule mwenyewe.*

Aliisoma mara kadhaa. Ilikuwa bora kuliko zote alizowahi kuandika. Aliitia mahali pake peupe na kupeleka karatasi zote kwa préfet kutiwa mhuri. Katika furaha ile hakufikiri kumwuliza mwenye picha.

Siku mbili hazijapita, aliitwa. Préfet alikuwa nyuma ya meza yake, karatasi mbele, kidole juu ya mstari. Rébecca alikuwa amesimama ukutani, karibu na ramani ya nchi. Aliposikia mlango alimtazama Solange mara moja, halafu akatazama chini. Solange aliona kwamba hilo tazamo halikuwa la woga.

"Madame Solange. 'Mukubwa wa shule mwenyewe.' Ni miye?"

"Ni ninyi, Monsieur le Préfet."

"Mwanafunzi ananicheka mu darasha, na weye unatia mu kitabu cha shule, na miye nitie muhuri?"

"Rébecca hakunipatia ile maneno," alisema Solange. "Hata hajui kama niliona. Kosa ni yangu. Niliandika bila kumuuliza. Kama ni azabu, ni yangu pia."

Préfet hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekaa mbali na kwao kwa miaka mingi, kati ya watu waliomheshimu na kumwacha peke yake, na heshima ndiyo mali aliyobaki nayo. Aligeukia ukutani.

"Binti. Ni kweli unaniiga?"

"Ndiyo, Monsieur le Préfet."

"Fanya."

Rébecca alirudi nyuma, mgongo ukagusa ukuta.

"Hapana ogopa. Shitakuazibu. Nataka kushikia."

Msichana aliinua kidevu, akaweka mikono nyuma. Hakuchagua yale makaripio. Alichagua maneno ambayo préfet huyasema kila Jumatatu asubuhi baada ya bendera, anapowasalimu na kuwaulizia habari za nyumbani kwao. Aliyasema bila kuongeza chumvi, taratibu, na zile *sh* zake zote, na ule mguno mdogo ambao mzee huutoa kabla ya neno *wazazi*. Ofisini hapakuwa na wa kucheka. Nje mtu alikuwa akifagia.

Alipomaliza, Tshibangu aliondoa miwani, akaifuta na kitambaa, akairudisha.

"Ni vile ninashema?" alimwuliza Solange.

"Ni vile."

"Tangu nilifika huku?"

"Tangu niliwajua, Monsieur le Préfet."

"Eh. Kaka yangu mukubwa kule Mbuji-Mayi njo anashema vile. Miye nilikuwa nafikiri nimeacha." Alitikisa kichwa. Halafu akamwelekezea Rébecca kidole. "Na Madame Solange? Unamuweza?"

Rébecca alisita. Solange akamwashiria kwa kichwa, aendelee.

"Bon," alisema Rébecca, akipangusa vidole. "Bon, Monsieur le Préfet. Bon."

Hapo préfet alicheka, kicheko cha tumbo kilichomfanya karani wa shule kuchungulia mlangoni. Kikamalizika mara moja, kama mtu aliyefunga bomba. Akachukua kalamu, akafuta *mkubwa wa shule mwenyewe*, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: *Bwana Préfet Tshibangu*.

"Kama munanitia mule, munitie na jina," alisema. "Watu washifikiri ni mutu mwingine."

Barazani Solange alidhani wangecheka pamoja. Rébecca alikuwa akitembea haraka mbele yake, na alipogeuka macho yalikuwa makali.

"Madame, nilisema muache picha tu."

"Sikuandika vita, Rébecca."

"Ndiyo. Mais ile ilikuwa ya sisi, ya mu darasa. Munaichukua, munaipeleka ku bureau. Kama Monsieur le Préfet alikuwa na roho mbaya, leo ningekuwa inje ya shule."

Solange alijua kwamba ni kweli. Alisema tu kwamba sentensi ile haitachapwa mpaka yeye akubali, na kwamba atakuja nyumbani kwao kuzungumza na mwenye kumlea. Rébecca aliinua mabega.

Shangazi yake aliitwa Mama Jokébed. Aliuza makaa na maharagi kwenye kibaraza cha nyumba, katika mtaa mmoja wa chini, karibu na mto. Solange alifika alasiri moja kukiwa na jua dogo. Mama Jokébed alimkalisha kwenye kiti pekee chenye mgongo, akamletea chai ya maziwa, akaendelea kuchagua maharagi huku akimsikiliza. Solange alieleza yote: albamu, mvua, ofisi ya préfet. Aliomba msamaha kwa kutouliza.

"Sasa ni ile tu?" alisema Mama Jokébed, akashangaa. "Mimi nilifikiri amekosea kitu. Kuiga, Madame, kwetu alianza mudogo sana. Kule Mabalako batu walikuwa wanamuita mu maharusi." Aliinua sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Rébecca! Njoo usalimie Madame."

Halafu kutoka nyuma ya nyumba ilikuja sauti ya mwanaume. Ilikuwa nzito, yenye haraka kidogo, na ilisema Kinande: mvua inakuja, wapi watoto, kakao iingizwe ndani kabla haijalowa. Solange aligeuka kutazama. Alidhani kuna mtu.

Mama Jokébed alikuwa ameacha maharagi. Alicheka, na katika kicheko kile kile akainua ncha ya kitenge na kujifuta macho, bila haraka, kama mtu aliyezoea kufanya yote mawili kwa pamoja.

"Ni Sikuli," alisema. "Kaka yangu. Vile alikuwa anaita mangaribi, kama tumetandika kakao inje. Tukimaliza kula, minamuomba Rébecca: tusikilizishe Papa yako. Siku zingine anakatala. Siku zingine anatupatia."

Rébecca alitokea kwenye kona ya nyumba na ndoo mkononi. Alimsalimia Solange vizuri, akachuchumaa kando ya shangazi yake, akaanza kumsaidia kuchagua maharagi. Walikaa hivyo. Solange alikunywa chai yake. Alikuwa mwalimu wa lugha, na mwaka mzima alikuwa akiwinda jambo moja ambalo mtu hulifanya yeye tu. Alijua vizuri alichokisikia. Sentensi ilijitengeneza yenyewe kichwani mwake, kamili, haikuhitaji kupunguzwa wala kunyooshwa.

Rébecca aliinua kichwa. Ni kama alimsikia.

"Madame, ile ya shule munaweza kutia. Nimekubali. Bwana Préfet na kengele na bote. Hii hapana."

"Sitaitia," alisema Solange.

"Wala mwaka mwingine?"

"Wala mwaka mwingine."

Mama Jokébed alimfungia maharagi kidogo kwenye mfuko wa kubeba nyumbani, na hakukubali kukataliwa.

Albamu ilichapwa. Safari hii Solange alikwenda mwenyewe kwa mchapaji na kukaa naye mbele ya kompyuta mpaka kila picha ikapata maneno yake. Siku ya kutangaza matokeo uwanja wa shule ulijaa, na kwa mara ya kwanza watu walionekana wamesimama vikundi vikundi, wakisomeana kurasa za watoto wa wengine. Mzee mmoja alisomewa na mjukuu wake juu ya Lusenge, akataka kumwona huyo Lusenge yuko wapi. Papa yake Zacharie alikuja amenuna, akisema shule haina haki ya kutangaza habari za kalamu zilizotafunwa. Mkewe alikuwa nyuma yake akicheka na kumvuta koti. Mama yake Mathe aliishika albamu kwa mikono miwili na kumwambia Solange, "Ni vile iko. Tangu mutoto. Hata kunyonya aliuliza." Préfet Tshibangu alijifanya hana habari na ukurasa wowote, ila mtu aliyepita karibu na ofisi yake alimwona akimwonyesha padri wa parokia mahali fulani kwa kidole.

Rébecca alifaulu, si kwa alama za ajabu, lakini za kutosha. Alikwenda Beni kusomea uuguzi, akapanga chumba Beu, si mbali na nyumbani kwa akina Solange, na mama yake Solange humpelekea sombe, mboga ya majani ya muhogo, kila Jumapili. Kijijini kwao hajarudi bado. Mama Jokébed alirudi mara moja kuangalia shamba, akakuta miti ya kakao imesimama katikati ya magugu, akapata watu wa kufyeka.

Solange yupo bado kwenye kilima chake, na albamu ni yake mpaka leo, kwa kuwa hakuna mwingine anayeitaka. Siku hizi shida yake ni nyingine. Wanafunzi wa darasa la tano wameshajua namna inavyoandikwa, basi wanapokaribia kumaliza wanaanza kutengeneza vituko ili waandikwe. Mwaka jana kijana mmoja alikuja darasani na mwavuli uliofunguliwa kila siku, muhula mzima, jua au mvua. Mwingine alianza kujibu maswali kwa kuimba. Solange huwatazama tu na kuendelea na somo. Anawaacha wachoke. Wakishachoka, wakasahau kwamba kuna mtu anayeandika, ndipo anaanza kuwaangalia. Yule wa mwavuli aliandikwa kwamba huwafunga kamba za viatu watoto wa darasa la kwanza getini, huku akiwakaripia. Alipoisoma alisikitika. Alisema hakuwa akijua kwamba hilo analifanya.